Waziri Kavunjika Ukucha: Kliniki ya Mifugo ya Ipagala

Naanza na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 62,000 kwa siku ya kwanza, kwa ukucha mmoja wa mbwa uliovunjika. Kumwona daktari 10,000, sindano ya usingizi na ganzi pamoja na kazi yenyewe ya kukata 35,000, bandeji 5,000, dawa ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani 12,000. Ukirudi kubadilisha bandeji, kila mara 5,000. Baba Neema aliposikia jumla aliuliza kama kwa hela hiyo tusingepata mbwa mwingine Chamwino na chenji ikabaki. Tungepata. Lakini mimi nimelipa bila kinyongo, na sababu yake ndiyo nataka kuieleza hapa, pamoja na kasoro nilizoziona, maana nazo zipo.

Kliniki iko Ipagala, Dodoma, ndani ndani, mtaa wa vumbi. Usitafute jina. Bango ni bati lililopakwa rangi nyeupe, limeandikwa TIBA YA MIFUGO kwa kijani, na chini yake kuna mchoro wa ng'ombe ambaye kwa masikio yale angeweza kabisa kuwa punda. Ni vyumba viwili vya kupanga, mwarobaini nje, benchi la mbao chini ya mwarobaini. Siku niliyokwenda mimi benchi lilikuwa na mama mwenye kuku wawili wa mayai kwenye boksi, kijana aliyeshika mbuzi kwa kamba ya manila, na sisi.

Mgonjwa wangu anaitwa Waziri. Jina alimpa kijana wangu wa mwisho enzi zile kila tukifungua redio tunasikia wizara nyingine imehamia Dodoma. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo wetu huu huu, kilo 24 kwa mizani ya pale, na kazi yake ni kulinda duka langu la vifaa vya ujenzi Ilazo. Wiki ya Nanenane, usiku, aliruka kumfuata paka juu ya mizigo ya wavu wa BRC, ule wa chuma wa kuwekwa kwenye zege, niliyoipanga uani. Paka akapita. Waziri ukucha wa gumba wa mguu wa mbele wa kushoto ukanasa kwenye tundu la wavu, mwili mzima ukaning'inia hapo mpaka ukucha ulipoachia. Mlinzi wangu, mzee wa Kigogo ambaye hapaniki kwa jambo lolote, alinipigia simu alfajiri: "Mbukwa mama. Waziri kaumia, lakini mwizi hakuna." Kwa utaratibu huo huo, salamu kwanza.

Kwa ambao hamjawahi kukichunguza: mbwa ana kidole cha ziada upande wa ndani wa mguu wa mbele, juu kidogo ya vile vinne anavyokanyagia. Akisimama hakigusi chini. Kwa sababu hakigusi, ukucha wake hausuguliwi na ardhi kama wenzake, unarefuka na kujikunja, na kwa mbwa asiyekatwa unaweza kuzunguka mpaka ukaingia kwenye nyama ya kidole chenyewe. Na ukiwa mrefu hivyo ndio unaonasa: kwenye wavu, kwenye zulia, kwenye uzio wa miiba ya migunga. Wa Waziri ulikuwa umepasuka mpaka shinani, umebaki umeshikilia upande mmoja, unacheza kila akipiga hatua. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye mifuko ya saruji kuliko nilivyotegemea kwa kidonda cha ukubwa ule. Ndani ya ukucha wa mbwa mna nyama hai yenye mshipa wa damu na neva. Ndiyo maana unavuja sana, na ndiyo maana unauma sana.

Mzee alikuwa amefanya jambo moja la maana sana: alikunja kitambaa safi, akakibana pale bila kukifunua funua kuchungulia, mpaka damu ikakata. Baadaye daktari alimsifu kwa hilo. Dakika tano mpaka kumi za kubana mfululizo, alisema, zinatosha kwa kucha nyingi, na damu ikiwa kaidi unaweza kupaka unga wa ngano au wanga wa mahindi shinani kisha ukabana tena. Jirani yangu alikuwa amekuja na majivu ya jikoni na kikopo cha oili chafu ya pikipiki. Mzee alimwambia oili apeleke kwenye pikipiki.

Sasa, kabla ya Ipagala nilipitia duka moja la dawa za mifugo mjini, silitaji. Nilipita kwa sababu kliniki asubuhi ile ilikuwa imefungwa, daktari yupo viwanja vya Nanenane kule Nzuguni kama nusu ya wataalamu wa mifugo wa mkoa huu. Kijana wa kaunta hakutoka hata nje kumwangalia mgonjwa kwenye bajaji. Akaweka mezani kopo la dawa ya bluu ya kupuliza na chupa ya antibayotiki ya oksitetrasaiklini, ile OTC ambayo nchi hii tunamdunga nayo kila kinachopumua. Nikamuuliza, na huu ukucha unaoning'inia? Akasema, "Huo mng'oe tu na plaizi mama, ni sekunde moja." Mimi plaizi nauza, najua kazi zake. Nikamshukuru, nikanunua shashi na pamba, nikaondoka.

Msimamo wangu ni huu, na ndio kipimo ninachompimia daktari yeyote wa mbwa katika mji huu: tazama anafanya nini kabla ya kugusa kidonda. Kukata ukucha uliokwisha kuvunjika si kazi kubwa. Aliyezoea anaumaliza kwa muda wa kuchemsha chai ya kikombe kimoja. Ujuzi uko kwenye yale yanayotangulia, na hapo ndipo hela yangu ilipokwenda.

Daktari ni binti wa umri wa Neema wangu. Alirudi mchana kutoka Nzuguni, bado amevaa fulana ya maonesho, akanisalimia shikamoo, akamsalimia na mama wa kuku wa nyuma yangu, halafu akachuchumaa mbali kidogo na Waziri bila kumgusa. Alimtaka kijana wangu amtembeze kwenda na kurudi uwanjani. Alikuwa anatazama bega, kiwiko na namna anavyoweka mguu, maana mbwa aliyening'inia anaweza kuwa ameteguka juu huku sote tumekodolea macho damu ya chini.

Kisha maswali. Amechanjwa kichaa cha mbwa lini, na cheti kiko wapi? Nilikuwa nacho. Kama huna, hatafukuza mgonjwa, lakini yeye na msaidizi wake watavaa glavu nzito na utaandikiwa tarehe ya chanjo papo hapo. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha, na ukutani ameweka karatasi aliyoiandika kwa mkono: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Amekula saa ngapi? Kwa sababu dawa ya usingizi anayotumia huwatapisha mbwa wengi, na tumbo tupu ni salama zaidi. Na swali la tatu aliliuliza akinitazama machoni: "Mama, umempa dawa yoyote ya binadamu?"

Sikuwa nimempa. Alipumua. Alisema wiki haipiti bila kuletewa mbwa aliyepewa diklofenaki au ibuprofeni na mwenyewe mwenye huruma zake. Dawa hizo kwa mbwa hutoboa tumbo na kuharibu figo, na mwenye mbwa haoni uhusiano kwa sababu mbwa anaanza kutapika wakati mguu umekwisha kupata nafuu. Panadoli nayo si ya kubahatisha, na kwa paka ni sumu kabisa, hata kidonge kimoja. Na hata pale ambapo dawa hizo za binadamu hazijamdhuru mbwa, zinamfunga daktari mikono: hawezi kumpa dawa ya maumivu ya mbwa juu ya diklofenaki iliyomo mwilini. Nawaandikia hili kwa urefu kwa sababu najua kabati zenu za dawa zilivyo.

Baada ya hapo alichukua kipande cha bandeji, akakifanya kitanzi, akafunga mdomo wa Waziri: fundo juu ya pua, likapita chini ya kidevu, likafungwa nyuma ya masikio. Waziri alikasirika kama waziri. Sindano ya zailazini, ndiyo hiyo dawa ya usingizi, ikaingia kwenye paja, na tukasubiri nje kwenye kivuli mpaka kichwa kikaanza kuning'inia. Alipolala alimfungua mdomo ili apumue vizuri, akampaka mafuta ya macho yasikauke, akamweka msaidizi kazi ya kuhesabu pumzi. Msaidizi amesomea chuo cha mifugo cha LITA, kampasi ya Mpwapwa, ni mkimya, na mikono yake haitetemeki.

Ndipo akanyoa manyoya, akaosha, akadunga ganzi ya lignokeini kuzunguka kidole. Ndiyo, ganzi juu ya usingizi. Nilimuuliza kama si kurudia gharama. Akanijibu kwamba usingizi ule unamlegeza mnyama na kumpunguzia maumivu, lakini neva za ukucha ni kali kiasi kwamba mbwa anaweza kuruka usingizini. Akakiminya kidole taratibu, akakikunja na kukikunjua kutafuta mfupa uliovunjika. Kliniki haina eksirei. Alisema wazi kwamba kama angehisi mfupa unasagana angetuandikia barua ya kwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro, kilomita 260 hivi. Nilimpenda kwa kusema hivyo mapema, kabla hajapokea hela.

Kukata kwenyewe sikuona vizuri, kichwa chake kilinizuia. Niliona mkasi wa kucha umetoka kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka kwenye jiko la gesi, nikasikia mlio mmoja, kipande kikaanguka kwenye bakuli. Akabana na shashi, akaosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, maji mengi kuliko nilivyodhani yanahitajika, akapaka unga wa kukausha damu. Spiriti hakugusa, wala haidrojeni peroksaidi. Zinaua vijidudu, alisema, lakini zinaunguza na nyama changa inayotaka kufunika kidonda. Mwisho pamba kati ya vidole ili visisuguane, shashi, bandeji, plasta juu.

Na hapa ndipo aliponishangaza. Hakumdunga antibayotiki. Mimi mwenyewe nilimsukuma: "Hata OTC moja daktari, ya kuzuia?" Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeulizwa swali hilo tangu asubuhi. Jeraha ni bichi, limesafishwa, kilichokuwa kinachezacheza na kuingiza uchafu kimeondolewa. Kukiwa na usaha, harufu, au kidole kikivimba na kuwa cha moto, nirudi na dawa itatolewa, kwa kipimo cha uzito na kwa siku zote zinazotakiwa. Kumwaga antibayotiki kwa kila mkwaruzo ndiko kunakozalisha usugu wa dawa, kwa wanyama na kwetu tunaokunywa maziwa yao. Kijana wa mjini alitaka kuniuzia chupa nzima bila kumwona mbwa. Huyu aliyemwona akakataa kuuza. Nafikiri hapo hata Baba Neema angenyamaza, kama angekuwepo.

Dawa ya maumivu aliyonipa ni meloksikamu ya maji, akanichorea alama kwenye bomba la sindano nisikosee. Mara moja kwa siku, baada ya chakula, siku chache tu, na nisiongeze hata akilia.

Jambo moja dogo lililotokea uwanjani tukisubiri Waziri azinduke. Ni msimu wa zabibu, kulikuwa na mtoto ana kifuko cha zabibu, akamtupia mbwa mwingine aliyefungwa pale mbili tatu. Daktari alitoka ndani mbio. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Nimekaa Dodoma miaka yote hii, shamba la zabibu la shemeji yangu liko Hombolo, mbwa wanazunguka humo, na sijawahi kumsikia mtu akilisema.

Sasa nyumbani, ambako kazi ndiko iliko, na ambako naona kliniki inawaacha wateja wake njiani kidogo. Mbwa hulamba kidonda. Mate ya mbwa si dawa, yanalowesha, yanaleta uchafu, na ulimi wake unakwangua kila kilichoanza kufunga. Kinachotakiwa ni ile kola pana ya plastiki ya kuzunguka kichwa. Kliniki haina. Daktari alisema huagiza kutoka Dar, zikija zinaisha, na siku hiyo zilikuwa zimeisha. Bila kola, Waziri aliitafuna bandeji yote kabla jua halijazama.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hakosi ndoo. Nilichukua ndoo mpya ya plastiki ya lita 10, nikamwambia fundi akate kitako kwa msumeno mdogo, tundu litoshe shingo na vidole viwili vyangu kando. Ukingo tukauzungushia bomba la maji la mpira tulilolipasua kwa urefu, usimkate. Matundu manne pembeni, yakapitishwa kamba laini, tukaifunga kwenye mkanda wake wa shingo. Pua isivuke sana ukingo wa ndoo, vinginevyo ataufikia mguu. Na ile ndoo ya rangi iliyotumika, hata ukiisugua vipi, iache. Hatukumvua hata usiku, isipokuwa wakati wa kula tu, tukiwa tumekaa naye. Aligonga rafu zote za dukani. Wateja walikuwa wanapiga picha. Lakini bandeji ilikaa, na nilipompelekea daktari picha ya ndoo kwenye simu alijibu haraka kuliko ujumbe wangu mwingine wowote, akaomba vipimo.

Bandeji ya Dodoma Agosti ina adui wawili, upepo wenye vumbi na inzi. Vumbi linaingia kila mahali, na inzi akitaga kwenye kidonda kilicholowa, funza hawachelewi. Kwa hiyo Waziri alilala stoo, si uani, mpaka bandeji ilipoondolewa kabisa. Akitoka kujisaidia tulimvisha mfuko wa plastiki juu ya bandeji na kuuvua mara akirudi, kwa sababu mfuko ukikaa jasho linalowesha ndani na ngozi inaoza. Kila asubuhi nilimshika vidole vinavyochungulia chini ya bandeji: vikivimba, vikiwa vya baridi, au vikiachana kama vimesukumwa, bandeji imebana mno na inatakiwa itoke saa hiyo hiyo, usingoje miadi. Hayo yote aliniambia daktari kwa mdomo. Hakuna karatasi. Kwangu, kasoro ya kwanza ya kliniki ni hiyo. Mtu aliyetoka kumwona mbwa wake amelala ulimi nje hakumbuki maelekezo ya mdomo. Karatasi moja tu iliyochapwa ingetosha, na mimi niko tayari kumlipia yale mapakiti ya karatasi kama anasoma hapa.

Kasoro ya pili ni benchi. Kuku, mbuzi na mbwa mwenye maumivu kwenye kivuli kimoja ni ugomvi unaosubiri kutokea, na kuku anayeletwa kwa daktari mara nyingi ana ugonjwa unaoambukiza kuku wengine. Uwanja upo. Turubai na kamba mbili zingegawa pande.

Ya tatu ni bei, si ukubwa wake bali kutobandikwa kwake. Nilitajiwa jumla baada ya kazi. Ilikuwa ya haki, nimeulizia kwingine tangu hapo na haijanishtua, lakini mama aliyekuwa nyuma yangu na kuku wake alikuwa anahesabu noti mfukoni kwa wasiwasi muda wote. Watu hurudi kwa yule kijana wa plaizi kwa sababu bei yake inaonekana kwenye rafu.

Kuna waliotuambia kidole kikatwe kabisa, yasijirudie. Nililileta swali hilo siku ya kubadilisha bandeji, na nilipata somo. Kwenye mguu wa nyuma mbwa wengi hawana kidole hicho kabisa. Walio nacho, mara nyingi kimeshikiliwa na ngozi tu, na huko kukiondoa ni kazi nyepesi. Kuna jamii za mbwa za Ulaya, kama Briard wa Ufaransa, ambao huzaliwa na viwili viwili nyuma na wenyewe wanaona fahari. Lakini cha mbele kina mifupa, kiungo na kano zake, na mbwa hukitumia: mtazame anavyoshika mfupa kuutafuna, au anavyokata kona akiwa mbioni. Kukiondoa ni kukata kiungo cha mwili, kwa usingizi mzito, kwa mishono, na kwa kidonda kikubwa mara kadhaa kuliko hiki. Anakiondoa pale tu kidole kimesagika, kina uvimbe wa saratani, au kinaumia mara kwa mara bila kukoma. "Ukucha utaota mama," alisema, "wewe upunguze tu." Umeota kweli. Kile kibutu cha waridi kilikauka na kuwa kigumu ndani ya siku chache, kisha ukaanza kujitokeza ukucha mpya, mnene na umepinda kidogo. Unakwenda taratibu, ni suala la miezi.

Niliporudi dukani nililaza ile mizigo ya BRC na kuifunika turubai zito. Mzee anadai paka amehamia kwa jirani.

Nyota? Nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia kwa ajili ya kola, karatasi na orodha ya bei, na nikiviona nitarekebisha hapa hapa. Kwa wa kwenda: Jumamosi usijisumbue, daktari huwa mnadani Msalato tangu asubuhi na anabaki msaidizi wa kuuza dawa tu. Piga simu kwanza, namba iko kwenye bango. Boda hawabebi mbwa na wengi wa bajaji watakataa, kwa hiyo mpange dereva mapema, umwonyeshe turubai au gunia utakalotandika. Usimlishe mgonjwa asubuhi hiyo, beba cheti cha chanjo, na pesa wanapokea taslimu au kwa simu. Kama mbwa wako hajaumia bado, wanapunguza kucha zote kwa 5,000, gumba likiwemo, na ukiomba msaidizi atakuonyesha mahali mshipa wa ndani unapoishia ili ufanye mwenyewe. Kwa mbwa mwenye kucha nyeusi kama wangu mshipa hauonekani kwa nje, kwa hiyo unakata vipande vyembamba, kimoja kimoja, na unaacha ukiona doa jeusi katikati ya sehemu uliyokata. Waziri anapelekwa kila mwezi. Akiona bajaji imesimama mlangoni huingia chini ya kaunta.